Baba ana jongo: je, kinga yake imeshuka au imezidi?

"Assalamu alaikum daktari. Baba yangu ana miaka 61, tunaishi Majengo. Mwezi wa kwanza alikwenda arusi ya jamaa Mji wa Kale, akala pilau na nyama ya mbuzi vizuri tu. Usiku wa pili yake aliamka saa tisa akilia kwa maumivu ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kilikuwa chekundu, kimevimba, kinang'aa, hata leso tuliyomfunika hakuistahimili. Duka la dawa walimpiga sindano ya diklofenaki, siku ya tatu akatembea. Tangu hapo imerudi mara mbili, na kila mara ni sindano ile ile. Maabara walipima asidi ya yuriki ikawa 540, wakasema ni gauti. Baba ana presha na anatumia haidroklorothayazidi, dawa ya kukojoza. Ami yangu asema kinga yake imeshuka, amemletea unga wa mlonge na vidonge vya kuongeza kinga. Jirani asema amekanyaga kitu. Mdogo wangu anayesoma chuo amesoma habari za inflamasomu, asema kinga ya baba imezidi na kuna dawa za kuizima. Sasa daktari, imeshuka au imezidi? Na tufanye nini, maana mwenyewe ashachoka."

Waalaikumu salaam, mwanangu. Mpe baba pole zangu. Mtu anayesema leso ilimlemea kidoleni hatii chumvi. Jongo, au gauti kama wengi wanavyoiita, ni katika maumivu makali kabisa ya viungo, na hupenda kuanza usiku. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu wagonjwa wengi hapa Mombasa wamekwama palepale alipokwama baba: sindano, nafuu, miezi miwili, sindano tena.

Kinga ya baba haikushuka. Wala haikuharibika ikawa inamshambulia mwenyewe bila sababu. Inafanya kazi yake barabara, ila imewashwa na kitu ambacho si kijidudu na ambacho haiwezi kukiua, yaani fuwele za asidi ya yuriki zilizojikusanya ndani ya kiungo cha kidole. Ami hakukosea kuitaja kinga, na mdogo wako hakukosea kuitaja inflamasomu, lakini tiba wanazozipendekeza wote wawili hazifiki penye shina la tatizo. Majani ya mlonge ni lishe nzuri, hayaondoi fuwele. Na kwa jirani, mwambie kwa heshima kwamba kidole gumba cha mguu ndicho kiungo ambacho jongo huanza nacho kwa wagonjwa wengi dunia nzima, na kwamba kipimo cha baba kinaelekeza hukohuko.

Kila siku mwili huvunja mabaki ya seli zilizochakaa na ya chakula, na kitu cha mwisho kinachobaki ni asidi ya yuriki. Kama theluthi mbili yake hutoka mwilini penyewe. Theluthi moja tu hutoka kwenye chakula. Wanyama wengi wana kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, cha kuivunja zaidi. Sisi binadamu hatunacho, tunazitegemea figo ziitoe kwa mkojo, na kwa wagonjwa wengi wa jongo shida ni kwamba figo hazitoi ya kutosha. Ikipita mikromoli 400 hivi kwa lita ya damu, haiwezi tena kuyeyuka yote, nayo huanza kuganda kuwa fuwele nyembamba zenye umbo la sindano. Huganda kwa wepesi zaidi pale mwili ulipopoa, na vidole vya miguu ndivyo vilivyopoa kuliko viungo vingi.

Fuwele hizo zaweza kukaa kimya kwa miaka. Nitaeleza sasa kinachotokea siku zinapoacha kukaa kimya, kwa sababu mkikielewa hiki, uamuzi wa dawa utakuwa mwepesi.

Katika utando wa ndani wa kila kiungo mna seli za kinga ziitwazo makrofaji, ambazo makao yao ni hapohapo na kazi yao ni kumeza takataka na vijidudu. Ni sehemu ya kinga ya asili, ile tunayozaliwa nayo, isiyongoja chanjo wala kumbukumbu ya ugonjwa uliopita. Haihitaji kumjua adui kwa jina, huhisi dalili za hatari. Makrofaji ikimeza fuwele, huitia katika kifuko chenye asidi ambamo vijidudu huyeyushwa. Fuwele haiyeyuki. Kifuko huchanika, yaliyomo humwagika ndani ya seli, na potasiamu ya seli hukimbilia nje. Mvurugiko huo huamsha protini moja ndani ya seli iitwayo NLRP3.

NLRP3 zikiamka hukusanyika na kuita protini nyingine, ASC, ambazo hushikana mpaka zikawa donge moja la takriban mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa darubini, ukizipaka rangi, unaliona: kitone kimoja king'aavyo katika seli nzima. Mtambo huo wa protini zilizoshikamana ndio inflamasomu. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 2002 katika kikundi cha Jürg Tschopp huko Lausanne, Uswisi, na mwaka 2006 kikundi hichohicho kikaonyesha kwamba fuwele za jongo huiwasha. Kabla ya hapo tulijua fuwele zimo kiungoni na tulijua maumivu yapo. Kilichofunga njia kati ya hivyo viwili hatukukijua.

Juu ya donge hilo hukusanywa kimeng'enya kiitwacho kaspesi-1. Kikiwa peke yake kimelala. Kikibanwa pamoja na wenzake hukatana, na kule kukatana ndiko kunakokiamsha. Kikishaamka hukata protini mbili. Kwanza hukata intaleukini-1 beta, protini ya kupeleka ujumbe kwa seli nyingine, ambayo hutengenezwa ikiwa haina nguvu. Ikishakatwa kipande huwa kali. Pili hukata gasdamini D, ambayo kazi yake hii ilifahamika mwaka 2015: kipande kilichokatika hujipachika kwenye ukuta wa seli na kuutoboa matundu. Kupitia matundu hayo intaleukini humwagika nje, na mara nyingi seli yenyewe hupasuka ikafa.

Fikiria mtaa wenu saa nane za usiku. Mtu mmoja ameona kivuli ukutani, akapiga ukelele wa "Mwizi!" Dakika chache baadaye watu wamejaa kichochoroni na marungu, na wanaovunjiwa vyungu ni majirani wasiohusika. Inflamasomu ni ule ukelele. Kidole chekundu cha baba ni ule umati.

Huo umati wenyewe huitwa na vimeng'enya vingine, na hapa ndipo sindano ya baba inapoingia. Intaleukini ikifika kwenye seli za jirani huziamuru zitengeneze kimeng'enya COX-2, nacho hutoa prostaglandini. Hizo hutanua mishipa ya damu, kwa hivyo kidole huwa chekundu na cha moto. Huifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuhisi, kwa hivyo leso huumiza. Na zikitengenezwa kwenye ubongo hupandisha joto la mwili. Kimeng'enya kingine, lipoksijenesi-5, husaidia kutoa leukotrieni, ambazo huwaita askari wa damu waitwao nyutrofili. Hao huja kwa mamilioni, wakiwa na vimeng'enya vyao vya kumeng'enya adui, na vikimwagika nje hula hata gegedu ya kiungo. Ndiyo maana jongo lililoachwa miaka mingi hulemaza, japo kila shambulio lilipita.

Na hupita kweli. Hata bila dawa, shambulio la kwanza kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili. Nyutrofili zikishajaa, hutupa nje nyuzi zao za DNA, nyuzi hizo hujisokota pamoja, na vimeng'enya vilivyonaswa humo huzikatakata zile saitokini za kuchochea, yaani protini za ujumbe kama intaleukini. Kinga hujizima yenyewe. Nakutajia hili kwa sababu ndilo linalowafanya watu waamini kwamba kilichowaponya ni kile walichotumia siku ya tatu au ya nne, kiwe hijama, mafuta ya kuchua au sindano. Kuhusu hijama nasema wazi: msimchanje ngozi juu ya kiungo kilichovimba. Fuwele hazitoki kwa damu ya juu, na mlango wa maambukizi unakuwa mmeufungua wenyewe. Kumkanda kwa maji ya moto pia acheni wakati wa shambulio. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika ishirini hivi kwa zamu, husaidia zaidi.

Huenda unajiuliza kwa nini ilitokea baada ya arusi, ingawa hukuniuliza. Fuwele peke yake mara nyingi haitoshi. Seli inahitaji kuandaliwa kwanza ndipo itengeneze NLRP3 na intaleukini za kutosha, na mwaka 2010 watafiti walionyesha maabara kwamba asidi za mafuta zikiwepo pamoja na fuwele, intaleukini hutoka kwa wingi kuliko fuwele zikiwa pekee. Sinia la pilau lenye mafuta na nyama, jasho la joto letu la mwezi wa kwanza bila maji ya kutosha, na asidi iliyokwisha kufika 540: kiberiti kilikuwepo siku nyingi.

Basi kwa nini tusiizime inflamasomu, kama asemavyo mdogo wako? Kwa sababu haikuwekwa mwilini kwa ajili ya jongo. Vimelea vya malaria wakila damu huacha mabaki ya fuwele yaitwayo hemozoini, na NLRP3 huyahisi. Inflamasomu ya aina nyingine huhisi protini ya mkia wa bakteria kama Salmonella, na nyingine huhisi DNA ya virusi iliyojipenyeza mahali isipotakiwa kuwa. Panya wa maabara walionyimwa kaspesi-1 huzidiwa na Salmonella upesi kuliko wenzao. Kwa binadamu tunao ushahidi mzito wa mwaka 2017: wagonjwa wa moyo zaidi ya 10,000 walifuatiliwa, baadhi wakipewa kanakinumabu, dawa inayoifunga intaleukini-1 beta. Mashambulio ya moyo yalipungua, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba jongo nalo lilipungua kwa zaidi ya nusu, ilhali asidi ya yuriki katika damu haikubadilika. Yaani fuwele zilikuwa palepale, ukelele tu ndio uliozibwa. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka kwa waliopewa dawa. Dawa za namna hiyo zipo, ni ghali mno, na nafasi yake ni kwa mgonjwa asiyeweza kutumia kitu kingine chochote. Baba hajafika huko.

Na vidonge vya kuongeza kinga? Kinga ya baba haina upungufu wa kuongezewa. Sijui ndani ya vidonge hivyo mna nini, na mtu mwenye presha na figo za kutiliwa shaka hapaswi kumeza kitu kisichojulikana kilichomo. Viwekeni kando mpaka daktari avione.

Sasa dawa zenyewe. Diklofenaki hufunga vile vimeng'enya vya COX. John Vane alieleza mwaka 1971 kwamba aspirini huzuia prostaglandini kutengenezwa, akashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982, na diklofenaki ni ya ukoo huo. Hufanya kazi vizuri, sikatai. Lakini tazama inapokata: mwisho kabisa wa mnyororo. Fuwele ipo, inflamasomu ipo, intaleukini ipo. Halafu haifungi COX-2 peke yake. Hufunga pia COX-1, ambayo hulinda utando wa tumbo, na hupunguza prostaglandini zinazosaidia damu kufika kwenye figo. Kwa mtu wa miaka 61 mwenye presha, anayetumia dawa ya kukojoza, sindano ya namna hiyo kila mara bila kupimwa figo inanitia wasiwasi kuliko kidole chenyewe. Presha hupanda, figo huumia kimya, na figo zikichoka asidi ya yuriki huzidi.

Kolkisini hukata mapema zaidi. Hulegeza nyuzi ambazo seli huzitumia kusafirisha vitu ndani yake, inflamasomu ikashindwa kujiunga vizuri na nyutrofili zikashindwa kwenda. Hufaa sana ikianzwa ndani ya saa chache tangu maumivu kuanza: kwa kawaida miligramu 1, kisha nusu miligramu baada ya saa moja, basi kwa siku hiyo. Ule mtindo wa zamani wa kumeza kila saa mpaka mtu aharishe umeachwa, na uachwe. Kolkisini ikizidi huua, haina dawa ya kuikata, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo. Isichanganywe na antibayotiki kama klarithromisini au erithromisini. Nitaje na hili kwa sababu nalisikia: ule mmea wa kutambaa wenye ua jekundu na manjano mfano wa ndimi za moto, unaoota vichakani kwetu Pwani, mizizi yake ina kolkisini, na kipimo chake hakikadiriki. Usichemshiwe mtu yeyote. Kama kolkisini na diklofenaki zote hazimfai baba, prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa siku chache ni njia nzuri, chini ya daktari.

Hizo zote ni za kutuliza shambulio. Dawa inayoondoa chanzo ni alopurinoli. Hii huzuia kimeng'enya kiitwacho zanthini oksidesi, ndicho kinachotengeneza asidi ya yuriki, na lengo ni kuishusha damu hadi chini ya mikromoli 360 na kuibakisha hapo. Chini ya kiwango hicho fuwele za zamani huanza kuyeyuka taratibu, kwa miezi na hata miaka. Mtu aliyeshambuliwa mara mbili au zaidi kwa mwaka anastahili kuanzishiwa, na baba ameshatimiza. Huanza kwa kipimo kidogo, miligramu 100 kwa siku au chini ya hapo kama figo ni dhaifu, kisha huongezwa kila baada ya wiki kadhaa huku damu ikipimwa.

Mambo mawili huwavunja moyo watu wakaiacha. Miezi ya kwanza mashambulio yaweza kuongezeka, kwa kuwa fuwele zinazoyeyuka hulegea na kuzichokoza makrofaji upya. Hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, na ndiyo maana huambatanishwa na kolkisini ya kipimo kidogo kwa miezi mitatu hadi sita. Pili, mtu akipona huona hana haja nayo tena. Akiiacha, asidi hupanda upya. Akishambuliwa akiwa tayari anaitumia, asiiache. Ila akitoka vipele au ngozi kuwasha, aiache siku hiyohiyo na aende hospitali, kwa sababu wachache hupata mzio mkali wa dawa hii.

Kuna jambo moja rahisi ambalo huenda likawa nusu ya tiba yake. Haidroklorothayazidi huzifanya figo zibakize asidi ya yuriki. Asiiache kwa amri yangu wala yenu. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi. Muulizeni daktari wake kama anaweza kubadilishiwa. Losartani, kwa mfano, hushusha presha na huteremsha asidi kidogo. Aspirini ya kipimo kidogo nayo huipandisha, basi kama anameza kila siku bila kuandikiwa, semeni.

Kuhusu chakula, wagonjwa wa jongo hapa kwetu hunyimwa karibu kila kitu, na mimi sikubaliani na hilo. Mbaazi, maharagwe na mchicha havikuonekana kuongeza jongo. Mahamri yake kwa mbaazi ale. Kahawa haina neno. Maziwa ni mazuri. Vya kupunguza ni maini, figo na firigisi, nyama nyekundu nyingi, dagaa, na pombe ya aina yoyote, mnazi ukiwemo. Ambalo watu hawalitaji ni soda na sharubati za sukari nyingi: fruktosi iliyomo hupandisha asidi ya yuriki. Anywe maji. Hata hivyo msimlaumu kwa sinia la arusi. Chakula peke yake hakiwezi kuishusha 540 hadi 360.

Mpelekeni kliniki akiwa hana maumivu, apimwe figo, sukari na asidi ya yuriki upya. Wakati wa shambulio kipimo cha asidi chaweza kusoma chini kuliko kawaida, kwa hivyo kirudiwe baada ya wiki mbili hivi. Kuna watu wengi wenye asidi iliyopanda wasio na jongo, na uthibitisho kamili ni kuvuta maji ya kiungo kwa sindano na kuziona fuwele kwa darubini maalumu. Kwa sura ya kidole ulivyonieleza, saa ya kuanza na kipimo kile, naamini ni jongo. Maji yakipatikana, tutakuwa na hakika.

Lakini kuna hali moja isiyongoja kliniki. Kiungo chenye usaha wa bakteria hufanana sana na jongo: chekundu, cha moto, hakiguswi. Akipata homa ya kutetemeka, au kiungo kikivimba mahali papya kama gotini, au maumivu yakiongezeka baada ya siku mbili za dawa, au mkojo ukipungua, au choo kikiwa cheusi kama lami, mpelekeni hospitali kuu ya Pwani au hospitali yoyote kubwa iliyo karibu siku hiyohiyo, na mwombe kiungo kivutwe maji kabla hajaanzishiwa antibayotiki, kama hali yake inaruhusu. Kiungo chenye bakteria huharibika kwa siku chache tu. Kama ana kisukari, ambacho hukukitaja, mwambieni daktari mapema, kwani prednisoloni hupandisha sukari na maambukizi ya kiungo humwandama zaidi mwenye kisukari.